Inchi Kumi na Mbili

Nafula, anayenishikizia vifungo, aliiuliza simu
nayo simu ikajibu bila kuvuta pumzi:
Kisumu hadi Winnipeg,
kilomita elfu kumi na mbili mia nane na hamsini,
saa kumi na nne na dakika chache, ndege ikinyooka.
Ndege hiyo haipo.
Ya Ondiege inapinda kama pindo la mwanafunzi wangu wa kwanza:
Toronto, Amsterdam, Nairobi,
katikati yake viti vya chuma
na chai ya bei ya kuku.
Saa thelathini na moja.

Mimi fundi wa Kibuye, kilomita si kipimo changu.
Jumatatu nilipopeleka sweta za chekechea
nilikuta tufe la dunia mezani kwa mwalimu mkuu,
limebonyea upande wa Pasifiki.
Nikavua futi shingoni,
nikabana ncha hapa, kando ya ziwa dogo kuliko ukucha,
nikaipandisha, jangwa, bahari, barafu,
mpaka katikati ya Kanada.
Inchi kumi na mbili.
Mkono wa sweta niliyotoka kuishona!
Mwalimu alicheka. Mimi nilikuwa nawaza inchi nyingine,
za kiuno cha kaka yangu.

Maana Jumamosi Akeyo anaolewa Maseno,
baba hayupo,
wa kumshika mkono ni Ondiege
na suti ya Ondiege iko juu yangu.
Daftari la mwaka alioondoka linavyo vipimo:
kifua arobaini, kiuno thelathini na nne, bega kumi na tisa,
na kando, kwa penseli: *huyu hula, acha akiba.*
Nilimwandikia, jipime unitumie.
Alituma picha, koti la baridi limemvimbia hadi magotini.
"Ndani ni mimi yuleyule," akasema.
Hicho si kipimo.

Watu huanza kuhesabu safari mlango wa ndege ukifungwa.
Basi mimi nitie wapi ile miaka minne
ya karatasi kurudishwa
kwa kuwa jina la kijiji lilikosa herufi moja?
Nitie wapi siku ya kumzika baba,
simu tumeiegemeza kwenye chupa ya soda ili Ondiege aone,
mtandao ukakatika udongo ulipoanza kushuka?
Nafula anasema simu haina pa kuandika hayo.

Aliruka Jumatano jioni, saa kumi na moja na dakika kumi.
Jioni ya kwake.
Hapa ilikuwa Alhamisi tayari, saa nane ya usiku,
na mimi juu ya cherehani
nashona kiuno cha thelathini na nne,
ndani nimeacha akiba vidole viwili kila upande
kwa heshima ya nchi yenye nyama nyingi.

Ijumaa, saa tatu na dakika kumi asubuhi,
ndege ya Nairobi ikainama juu ya magugu ya ziwa.
Dakika arobaini na tano, kipande kifupi kuliko vyote,
nacho ndicho kilichonimaliza magoti.
Akatoka nyuma ya wafanyabiashara, begi moja,
sweta mwilini katika jua la Kisumu.
Nikamkumbatia.
Mikono ya fundi haina adabu:
ilimzunguka, ikapitana mgongoni,
ikajua kabla hajanisalimu.
Thelathini na moja. Labda hazifiki.
"Huko wanakulisha nini?"
"Zamu ya usiku," akasema, akatafuta begi lake
ingawa alikuwa amelishika.

Akeyo anapiga vigelegele, sikusema la zaidi.

Usiku, yeye kalala fofofo
kwa saa ambazo si zetu,
nikawasha balbu, nikafumua kiuno,
nikaingiza inchi moja na nusu huku, moja na nusu huku.
Nafula akaninyooshea mkasi.
Nikaurudisha mezani.
Kitambaa kilichozidi nilikikunja ndani, chote,
nikakipiga mshono mwepesi,
wa kufumuka kwa kidole,
endapo atakaa.